Nimeitazama The Heiress na mama yangu

Ni picha nyeusi na nyeupe ya mwaka 1949, saa mbili kasoro dakika 5, na karibu yote imo ndani ya nyumba moja. Ukimwelezea mtu hivyo hakai kutazama. Mama alikaa kwa sababu inaanza na samaki. Catherine Sloper, binti wa daktari tajiri wa Washington Square, New York, katikati ya karne ya 19, ananunua samaki mlangoni na kuingia naye ndani mwenyewe. Baba yake anamwambia siku nyingine amwachie muuzaji ambebe. "Huyu baba ana maringo," mama akasema, akavuta mto akajiegemeza. Robo saa baadaye alikuwa amehamia upande wa baba huyo huyo.

Mimi nilikuwa naitazama mara ya pili. DVD nililetewa na binamu yangu, na maandishi ya chini ni ya Kiingereza tu, kwa hiyo kazi ya kutafsiri ikaniangukia mimi, kama wale jamaa wa vibanda umiza, ila bila mbwembwe. Na Kiingereza chenyewe ni cha watu wanaotukanana kwa adabu. Hapo ndipo mtafsiri anapotoka jasho.

Hadithi inatokana na riwaya ya Henry James ya mwaka 1880. Catherine si mrembo, hana maneno, sherehe inaendelea yeye yuko kitini. Mama yake alikufa zamani, na baba amemgeuza marehemu kuwa kipimo cha kila kitu. Binti anashuka ngazi na gauni jipya jekundu (jekundu tunaambiwa tu, rangi hatuioni), anasema ni rangi aliyoipenda mama, na baba anamjibu kwa upole kwamba mama yake alikuwa mweupe, rangi ile aliitawala yeye. Nilitafsiri hiyo nikaona mdogo wangu anasonya.

Kisha anakuja Morris Townsend, yaani Montgomery Clift akiwa kijana kabisa. Sura anayo, maneno anayo, mfukoni hana kitu, urithi wake keshautafuna. Catherine ana dola 10,000 kwa mwaka alizoachiwa na mama, na baba akifa zinaongezeka 20,000. Daktari anapiga hesabu hiyo siku ya kwanza tu. Mama naye akaipiga. "Mwanamume hana kazi, hana kwao, anajua bei ya kila kitu ndani ya nyumba ya watu. Wewe ungemtoa binti yako?" Nikamwambia huenda anampenda kweli. Akaniangalia kama vile mimi ndiye Catherine.

Shangazi mtu sasa. Lavinia Penniman, dada yake daktari, ni shangazi wa kwetu mtupu. Anabeba salamu, anapanga wapi waonane, analia kabla ya wenye kulia. Kaka yake akiwa Ulaya na binti kwa miezi kadhaa, makusudi kijana asahaulike, yeye anamkaribisha kijana huyo huyo sebuleni, brandi na sigara za mwenye nyumba zikipungua. Miriam Hopkins anaicheza nafasi hiyo kwa kupitiliza kidogo, na nadhani ndiye aliyefanya saa ya kwanza isituchoshe, maana kusema kweli inajikokota.

Hii filamu huwa inawekwa kwenye kundi la mapenzi. Mimi naona mapenzi ni mlango tu wa kuingilia. Jeraha lenyewe liko kati ya baba na mwana. Baada ya Ulaya, daktari anachoka na adabu, anamwambia Catherine waziwazi kwamba hana sura wala akili, kilichobaki ni fedha. Halafu anaongeza, kama mtu anayetaka kutenda haki, kwamba jambo moja analiweza: anadarizi vizuri. Ralph Richardson, anayecheza daktari, hapandishi sauti hata kidogo. Mama yangu amedarizi vitambaa vya makochi miaka nenda rudi, vingine ndivyo vilivyotulipia ada. Hapo hakusema kitu. Alinyoosha kile kilichokuwa kwenye mkono wa kochi, akakipapasa pembeni, akaendelea kutazama.

Basi Catherine akafunga mizigo. Wamekubaliana Morris aje na gari la farasi usiku huo watoroke wakaoane. Amemwambia pia, kwa furaha kabisa, kwamba senti ya baba yake haitaki tena. Anakaa na shangazi, masikio nje. Farasi wanasikika mbali, wanakaribia, anakimbilia mlangoni, gari linapita. Na umeme ukakatika.

Tukabaki gizani, feni inasimama polepole. "Kaja?" mama akauliza. Nikamwambia asubiri. "Si ushaiona wewe? Kaja au hajaja?" Sikusema. Tulikaa karibu dakika 40. Pikipiki ikapita nje, mdogo wangu akasema, "Huyo ndiye Morris," tukacheka, na nyingine ilipopita hakucheka mtu.

Umeme uliporudi Morris alikuwa bado hajaja, na hakuja. Catherine anabeba mizigo yake kupanda ngazi zile zile alizoshuka na gauni jekundu. Inasimuliwa kwamba mwongozaji, William Wyler, alimrudisha Olivia de Havilland, anayecheza Catherine, ngazi zile mara nyingi mpaka akakasirika, ndipo begi likajazwa vitabu ili uzito uwe wa kweli. Ukitazama bega lake utaamini. Alipata Oscar yake ya pili kwa kazi hii. Filamu ilizoa 4 kwa jumla, na moja ilikuwa ya muziki wa Aaron Copland, japo muziki aliouandikia mwanzo wa filamu ulibadilishwa bila ridhaa yake.

Kuanzia hapo sauti ya Catherine inashuka, inakuwa nzito. Mara ya kwanza sikulisikia hilo. Mama asiyejua Kiingereza ndiye aliyelisikia. "Sasa anaongea kama baba yake," akasema. Na daktari anapojipima kifua mwenyewe na kujua anakufa, akamwita binti, binti hapandi. Mama alikasirika. Alisema mzazi haachwi hivyo, hata awe vipi. Tulibishana juu ya hilo mpaka chai ikapoa, na hatujapatana mpaka leo.

Kama hujaitazama, ishia hapa. Miaka inapita, Morris anarudi kutoka California na masharubu, na maelezo anayo. Catherine anamsikiliza, anampa vifungo vya yakuti alivyomnunulia Paris enzi zile, anakubali aje tena usiku. Kisha anarudi kwenye kitambaa chake cha alfabeti, amebakiza Z. Mlango unagongwa. Anaagiza ukomewe, anachukua taa, anapanda ngazi, jina lake linaitwa huko nje.

Naipa nyota 4. Moja nimeiondoa kwa mwendo wa mwanzo, na kwa Clift, ambaye nywele zake na simama yake ni za 1949, si za enzi za magari ya farasi.

Asubuhi mama aliniuliza kama kile kitambaa alikimaliza. Nikamwambia alikimaliza, uzi aliukata. Akasema hilo hakuliona, alikuwa anautazama mlango. Niwashe tena, nimpeleke pale pa mkasi.