TAHADHARI: Safari za tanga na snokeli zinazouzwa bila jina la boti

Ndugu zangu, nimesubiri siku kumi kabla ya kuandika haya ili hasira ipungue na niseme yale tu niliyoyaona kwa macho yangu. Kama unapanga kwenda kutembea baharini kwa boti ya tanga na kushuka kuangalia samaki kwa snokeli (bomba la kupumulia uso ukiwa majini), na umeona tangazo lenye picha ya katamarani nyeupe, ile boti ya matumbo mawili sambamba, wavu umetandazwa mbele, watu wamejilaza juu yake na tanga limejaa upepo, tafadhali soma hapa kabla hujatuma hela.

Tangazo liliahidi safari ya muda wa saa nne kwa tanga, miamba miwili, vifaa vyote ndani ya nauli, na kikundi kisichozidi watu 12. Muuzaji alijibu ujumbe upesi na kwa adabu kubwa. Nilimuuliza mengi. Nilimwambia nakuja na mama yangu, ana miaka 61, anaogelea kidogo tu, akanihakikishia kwamba kutakuwa na mtu wa kumsimamia majini. Alitaka nusu ya nauli mapema, nikatuma. Swali moja sikuliuliza: boti inaitwaje? Ningeliuliza hilo, naamini yote yaliyofuata ningeyajua nikiwa bado nyumbani.

Chombo kinachobeba abiria kwa kufuata sheria huwa na jina au namba ya usajili iliyoandikwa ubavuni, na huwa na cheti kinachotaja idadi ya watu kinaoruhusiwa kubeba. Ukiwa na jina unaweza kwenda gatini siku moja kabla ukakiona. Unaweza kuuliza mamlaka ya bandari. Unaweza kutafuta watu waliowahi kukipanda. Aliyenichukulia hela hakuwa na boti hata moja. Anakusanya wateja, jioni anapiga simu huku na huku kutafuta boti yenye nafasi, asubuhi anakupeleka kwa atakayekubali bei ya chini zaidi. Sisemi kila dalali ni mwizi, wapo madalali waaminifu wanaofahamu bahari kuliko wengi wetu. Lakini dalali mwaminifu atakutajia boti na nahodha bila kigugumizi, maana anajua anakupeleka kwa nani.

Asubuhi gatini hapakuwa na katamarani. Tulioneshwa boti ya injini yenye mlingoti mmoja mfupi, tanga limeviringishwa na kufungwa kwa kamba iliyopauka kwa jua. Tanga hilo halikutwekwa siku nzima. Nilihesabu abiria: tulikuwa 23. Hakuna aliyekuwa na orodha ya majina yetu. Kisha tukaambiwa miwani, snokeli na mapezi ya kuvaa miguuni vinakodishwa kwa malipo ya ziada, fedha taslimu, kwa sababu "vifaa vyote" vya kwenye tangazo vilimaanisha majaketi okozi. Majaketi yenyewe yalikuwa 15, na manne kati ya hayo ni ya watoto. Nilipouliza, baharia alinijibu kwamba bahari imetulia, hatutayahitaji.

Hapo ndipo nilipotakiwa kugeuka nikarudi. Sikugeuka. Nilikuwa nimeshalipa nusu, mama alikuwa ameshavua viatu, watu walikuwa wanapanda. Nawaambia wazi kwa sababu najua wengi tunaingia hivyo hivyo: ile nusu uliyotanguliza ndiyo inayokuvuta mguu kuingia botini. Nikasaini na fomu ya kukubali kwamba chochote kitakachonipata ni juu yangu. Jina la kampuni kwenye fomu halikuwa lile nililolipia. Na jina lililoandikwa kwenye fulana za mabaharia lilikuwa la tatu.

Vifaa vilikuwa vibovu, hilo nitalipita haraka. Ila jifunzeni kupima miwani kabla boti haijaondoka: iweke usoni bila kuvuta mkanda kichwani, vuta pumzi kidogo kwa pua, kisha achia mkono. Ikibaki imenata, inakufaa. Ikidondoka, itaingiza maji, na mtu asiyezoea anapoingiwa na maji puani katikati ya bahari hupaparika, na kupaparika ndiko kunakomzamisha. Ya mama ilidondoka mara mbili. Hapakuwa na nyingine.

Tulipofika mwambani nanga ilitupwa juu ya matumbawe. Niliposhuka niliiona imelala kati ya vipande vyeupe vilivyovunjika muda ule ule. Tumbawe kubwa la duara hukua chini ya sentimita 2 kwa mwaka, kwa hiyo lile tulilolivunja sisi huenda lilikuwepo hapo kabla mama yangu hajazaliwa. Nilijisikia vibaya kuwa miongoni mwa waliolipia uharibifu ule. Na si mbali na tulipokuwa palikuwa na boya la kufungia boti, limewekwa mahsusi ili watu wasitupe nanga. Nahodha wa boti nyingine aliniambia baadaye kwamba pale hufunga zenye kibali tu. Sisi tulikaa mbali na boya kwa sababu hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mtu wa kumsimamia mama majini hakuwepo. Mabaharia walikuwa wawili. Mmoja alibaki na injini, mwingine alikuwa akipiga picha za kuwauzia abiria. Hakuna aliyesimama juu kuwaangalia waliomo majini. Niliogelea nimemshika mama mkono, naye amevaa jaketi, na baada ya dakika kumi hivi niliinua kichwa nikaona boti iko mbali kuliko nilivyodhani. Hatukuwa tumepiga mapezi kwenda kokote. Ni mkondo. Ukiwa umeinamisha uso unaangalia samaki huwezi kuhisi kwamba unasogezwa, kwa sababu maji na wewe mnakwenda pamoja. Nahodha anayeijua kazi yake huangalia mkondo kwanza, huwaambia watu waanze kuogelea kuelekea mkondo unakotoka, ili wakichoka uwarudishe botini. Kwetu hakuna aliyesema neno.

Tulirudi kwa shida, mama akipumua kwa kasi. Ngazi haikuwepo, nilimsukuma kutoka chini, baharia akamvuta kwa juu. Sikuwa nimemaliza kumfuta maji usoni nikasikia injini inawashwa na kuona nanga inavutwa. Nikageuka kutafuta vijana wawili waliokuwa wamekaa karibu yetu wakati wa kuja, mtu na mchumba wake. Viti vyao vilikuwa vitupu, mkoba wao uko chini ya benchi. Nikapiga kelele, "Nahodha, bado watu wawili!" Akanijibu bila kugeuka, "Wote wamo, mama." Hakuwa amehesabu. Angehesabuje, na hana orodha? Nilikwenda nikasimama mbele yake na kumwonesha ule mkoba. Ndipo akapunguza injini. Tuliwaona upande wa pili wa mwamba, vichwa viwili vidogo, wanapunga mikono. Mmoja wao hakuwa na jaketi, kwa sababu yalikuwa yameisha.

Wale vijana walipopanda hawakusema kitu. Msichana alikaa akitetemeka mpaka tunafika gatini.

Kuna atakayedhani nakuza mambo. Tarehe 25 Januari 1998, huko Australia kwenye miamba ya matumbawe ya Great Barrier Reef, boti ya wapiga mbizi iliondoka ikawaacha majini wanandoa wawili Wamarekani, Tom na Eileen Lonergan. Hesabu ya watu ilikosewa. Iligundulika siku mbili baadaye kwamba hawakurudi, pale mkoba wao ulipokutwa bado umo botini. Miili yao haikupatikana. Baada ya hapo jimbo la Queensland lilikaza kanuni za kuhesabu na kuandika abiria wa safari za namna hii. Nilikuwa nimewahi kusoma habari ile, na nilipouona mkoba chini ya benchi ndiyo iliyonijia kichwani.

Kuhusu hela. Niliporudi nilimwandikia muuzaji. Akasema yeye ni wakala tu, nizungumze na wenye boti. Wenye boti wakasema waliajiriwa na kampuni iliyo kwenye fomu. Kampuni iliyo kwenye fomu simu yake haipokelewi. Risiti yangu ina kiasi na tarehe, basi. Jina la chombo halipo, kwa hiyo hata polisi walipouliza ni boti ipi sikuwa na la kuandika zaidi ya rangi yake. Nusu ya kwanza nilituma moja kwa moja kwenye akaunti ya mtu binafsi, na hiyo nimeambiwa niisahau. Nusu ya pili nililipa kwa kadi, na benki imepokea malalamiko yangu. Kadi nyingi hukuruhusu kupinga malipo ya huduma usiyoipata kama ilivyoahidiwa, mara nyingi ndani ya siku 120, ila wanataka ushahidi. Kilichonisaidia ni picha za skrini za tangazo na mazungumzo, pamoja na picha niliyopiga gatini inayoonesha boti halisi. Pigeni picha hiyo hata kama mnaona aibu kupiga.

Nimerudi pia kuyasoma maoni ya wateja yaliyonishawishi. Yalikuwa nyota tano tupu, mengi ya wiki moja, yote yanasifu "huduma bora" na "siku isiyosahaulika". Hakuna hata mmoja aliyetaja jina la nahodha, wala kusema alitapika njiani, wala kwamba maji yalikuwa baridi. Mtu aliyekwenda baharini kweli huwa ana kitu cha kusimulia, hata akiwa amefurahi sana.

Kwa hiyo mkiuliza, anzeni na jina la boti na idadi ya watu iliyo kwenye cheti chake. Ulizeni kama kuna jaketi la kila abiria, la ukubwa wake, kwa sababu jaketi la mtu mzima humtoka mtoto likabaki linaelea peke yake. Ulizeni nani atakuwa juu akiangalia majini wakati wengine wanaogelea, na kama ana redio ya mawasiliano. Simu ya mkononi baharini hukata, redio ya VHF chaneli 16 ndiyo inayosikilizwa kwa wito wa dharura. Ulizeni upepo ukichafuka hela inarudi au siku inasogezwa, na jibu waliandike. Muuzaji asiyerudisha hela kwa hali ya hewa atakupeleka hata bahari ikiwa imechafuka, maana kughairi ni hasara yake. Na mkifika gatini mkaona boti si ile mliyotajiwa, ondokeni. Mama yangu ameniambia mwenyewe kwamba ningemwambia turudi angevaa viatu vyake tu.

Siwezi kutaja jina la muuzaji hapa, na hata ningetaja lisingewafaa, kwa sababu ameshalibadilisha. Baada ya kulalamika ukurasa wake ulitoweka. Kabla haujatoweka nilikuwa nimeikuza ile picha ya katamarani na kuona maandishi madogo juu ya tanga: herufi tatu na tarakimu. Nilipoitafuta picha mtandaoni nikakuta ni ya chombo kilichopo nchi nyingine kabisa, imechukuliwa kwenye tovuti ya wenyewe. Juzi nimeiona tena kwenye ukurasa mpya, wenye jina jipya na nambari mpya ya simu. Picha ni ile ile, wavu ule ule na watu wale wale wamejilaza. Safari hii herufi za kwenye tanga zimefutwa.