The Tanzania Sound: Kiko Kids wa Tabora kwenye santuri iliyotoka Marekani

Albamu hii, mkusanyiko wa nyimbo za zamani za bendi za Tanzania, ilitolewa mwaka 1987 na Original Music, lebo ndogo ya kujitegemea iliyokuwa Tivoli, jimbo la New York, na msikilizaji wa Tabora ana sababu ya pekee ya kuitafuta. Pamoja na Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba ya Morogoro, humo wamo Kiko Kids, bendi ya mji wetu iliyoongozwa na Salim Zahoro.

Lebo hiyo ilianzishwa mwaka 1982 na John Storm Roberts, mzaliwa wa London, pamoja na Anne Needham. Roberts hakuujua muziki wetu kwa kusimuliwa, kwani katikati ya miaka ya 1960 alifanya kazi ya uandishi wa habari nchini Kenya, katika gazeti la East African Standard, wakati santuri za bendi hizi zikiuzwa madukani na kupigwa redioni. Roberts na Needham walikuwa wakiuza kwa njia ya posta, bila nguvu ya kampuni kubwa, na mtaji wao mkuu ulikuwa sikio la mchaguzi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipo thamani ya albamu hii: nyimbo zimechaguliwa na mtu aliyezipenda, si na karani aliyeambiwa ajaze nafasi.

Kazi hiyo ya kukusanya nyimbo ilikuwa ya lazima kuliko tunavyodhani. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, hivyo bendi zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam, au zilitegemea kampuni na viwanda vya Kenya, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, hata njia hiyo iliziba. Santuri za zamani zikabaki mikononi mwa watu binafsi, zikikwaruzika na kupotea moja moja.

Wimbo wa Kiko Kids kuhusu Uhuru wa Tanganyika ndio niliourudia zaidi. Niliupiga barazani, mtaa wa Ng'ambo, na gitaa lilipoingia tu mzee mmoja akaweka kikombe chini akasema, "Mwanangu, hebu rudisha mwanzo." Aliutaka tena ulipokwisha, kwa sababu unakwisha upesi. Upande mmoja wa santuri za wakati huo ulichukua kama dakika 3 tu, ilhali ukumbini bendi iliweza kuendelea na wimbo mmoja kadiri wacheza dansi walivyotaka. Ufupi huo ndio kasoro pekee inayoniumiza, nayo si ya aliyekusanya nyimbo.

Anayemtaka mwanamuziki Shem Karenga na bendi ya Tabora Jazz ya miaka ya 1970 asiitafute humu. Huu ni muziki uliowatangulia. Aidha, Roberts alifariki mwaka 2009 na lebo yake haitoi tena kazi mpya, kwa hiyo nakala hupatikana zaidi kwa wauzaji wa santuri kuukuu walioko nje ya nchi. Ukibahatika kuipata, mwombe muuzaji picha ya sahani yenyewe, pande zote mbili, kabla ya kutuma fedha. Redio za hapa Tabora nazo zingefaa kuwa na nakala, na kuipiga saa ambazo wazee wako macho.