Wakala wa safari za meli kutoka Galveston: bei nzuri, ushauri wa pasipoti nusunusu

Nimempa wakala huyu nyota tatu kati ya tano, na zingekuwa nne lau si suala la hati za kusafiria. Jina lake silitaji, kwa kuwa katika mengine alitutendea vyema: simu alipokea kila tulipopiga, chumba chenye dirisha alitupatia kwa bei ya chumba cha ndani, na malipo tuliyalipa kwa awamu tatu bila nyongeza yoyote. Ni Mswahili mwenzetu wa hapa Houston, jambo lililotufanya tumwamini upesi kuliko ilivyostahili.

Safari ilikuwa ya siku tano, kutoka Galveston hadi Progreso na Cozumel nchini Mexico, kisha kurudi. Nilipomuuliza habari za pasipoti alinijibu, "Kaka, meli inatoka Galveston na inarudi Galveston, pasipoti ya nini? Kitambulisho kinatosha." Maneno hayo hayo yamo katika ukurasa wake wa bei, kwa herufi za kukolea. Si uongo, ila yamekatwa katikati. Utaratibu uliopo tangu Juni 2009 unamruhusu raia wa Marekani, akisafiri kwa meli inayoanzia na kuishia katika bandari ile ile ya nchi hiyo baada ya kuzuru Mexico, Bahamas au visiwa vya Karibi, kurudi kwa cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho cha serikali chenye picha. Mtoto wa chini ya miaka 16 hutakiwa cheti cha kuzaliwa tu, na hata nakala yake hukubaliwa. Neno la kuangaliwa hapo ni "raia".

Nyumbani kwetu tuko watatu na kila mmoja ana hati za namna yake. Mke wangu ni mzaliwa wa Mombasa, na kwa kuwa Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, ana pasipoti ya Kenya na ya Marekani. Mtoto wetu wa miaka sita amezaliwa Houston. Mimi ni Mtanzania; sheria yetu haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, hivyo nimebaki na pasipoti yangu ya kielektroniki na kadi ya ukaazi wa kudumu, ile tunayoiita grini kadi. Kadi hiyo ndiyo inayonirudisha Marekani, na Mexico nayo hunisamehe viza kwa sababu yake, ila kwa sharti kwamba niwe na pasipoti ambayo haijaisha muda. Haya niliyasoma mwenyewe katika masharti ya kampuni ya meli, ambayo wakala hakututumia. Ningemfuata yeye, ningeachwa gatini nikiwapungia mkono wenzangu.

Bandarini mimi na mke wangu tulipita kwa dakika chache; aliyekwama ni mtoto. Tulikuwa tumembebea cheti kizuri chenye nembo ya hospitali, mhuri wa dhahabu na alama za nyayo zake mbili ndogo zilizochovywa wino siku aliyozaliwa. Karani alikigeuza, akatazama nyuma, akakirudisha taratibu juu ya kaunta: hiyo ni kumbukumbu tu ya hospitali, na kinachotakiwa ni cheti cha ofisi ya serikali inayoandikisha vizazi. Wakala tulipompigia alisema hakujua kwamba vyeti hivyo viwili vina tofauti. Kile halisi kilikuwa kabatini Houston, mwendo wa kilomita 80 hivi. Shemeji yangu alikwenda kukichukua, akatufikishia ikiwa imebaki nusu saa dawati lifungwe, na muda wote huo mtoto alikuwa amekaa juu ya sanduku akila bisi bila wasiwasi.

Hata hivyo, hilo la nyayo ni dogo. Upungufu mkubwa wa ushauri huu ni kwamba umejengwa juu ya dhana kuwa kila aondokaye na meli atarudi nayo. Pale Cozumel tulisikia abiria wawili wakiitwa kwa majina, mara mbili, kisha meli ikang'oa nanga. Cheti cha kuzaliwa hakimrejeshi raia Marekani kwa ndege, wala kadi ya pasipoti, ile ndogo ya bei nafuu ambayo wakala huipendekeza, kwani hiyo ni ya nchi kavu na bahari tu. Mwanangu angeugua akalazwa pale kisiwani, tungelazimika kutafuta ofisi ya ubalozi wa Marekani imwandikie pasipoti ya dharura kabla hata ya kufikiria tiketi.

Wiki iliyofuata tulisimama wote watatu mbele ya karani wa posta, maana mtoto wa umri huo huombewa pasipoti wazazi wote wawili wakiwapo au mmoja akitoa idhini ya maandishi, tukalipa dola 135 kwa hati itakayodumu miaka mitano. Nilimwandikia wakala nikamweleza haya yote kwa utulivu, naye akajibu kwa adabu na kuomba radhi. Ukurasa wake wa bei nimeutazama tena jana. Maneno yangali pale pale, kwa herufi za kukolea.