Seva ya tovuti ya nyumba yetu ya wageni: uzoefu wangu na kampuni mbili

Mimi na dada yangu tuna nyumba ya wageni Pangani, vyumba sita. Wageni wetu wengi wanatoka Ujerumani na Uholanzi, na wanatupata kwa tovuti na barua pepe. Tovuti ikizima, vyumba vinalala vitupu.

Mwaka 2022 tulinunua nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayoiweka tovuti hewani, ya kampuni moja kwa kuangalia bei tu: shilingi 60,000 kwa mwaka, na domeni, yaani jina la tovuti, ya .co.tz bure juu yake. Mwaka wa pili ankara ikaja ya 195,000, pamoja na 80,000 ya cheti cha usalama, kile kinachofanya anwani ianze na https. Cheti cha namna hiyo shirika la Let's Encrypt linakitoa bure, na kampuni nyingi zinakiwasha zenyewe. Nikawaandikia kuuliza. Kabla sijajibiwa, Jumamosi moja asubuhi mgeni akatupigia WhatsApp kuuliza kama tumefunga biashara. Nikafungua tovuti kwenye simu, nikakuta ukurasa mweupe wenye mstari mmoja: akaunti imesimamishwa. Barua pepe zetu nazo zilikuwa humo humo, zikazimika pamoja.

Tukaamua kuhama, na hapo ndipo nilipokuta jambo zito zaidi. Nilipoangalia WHOIS ya majina ya .tz, orodha inayoonyesha kila domeni imesajiliwa kwa jina la nani, mwenye domeni yetu alikuwa ile kampuni, siyo dada. Jina tuliloliandika kwenye kibao cha getini lilikuwa mkononi mwa watu wengine! Tulihangaika wiki tatu, barua, leseni ya biashara, simu zisizopokelewa, mpaka wakaliachia.

Safari hii sikuanza na bei. Niliandikia kampuni tatu swali lile lile, saa nne usiku siku ya Jumamosi: nakala rudufu za tovuti mnaziweka wapi, na nikitaka kuondoka nazichukuaje? Moja haikujibu kabisa. Ya pili ilijibu Jumatatu kwa kunitumia orodha ya bei. Ya tatu, baada ya dakika ishirini hivi, kijana mmoja alinieleza kwamba nakala inachukuliwa kila usiku na kupelekwa kwenye seva iliyo jengo jingine, na kwamba naweza kuishusha yote mwenyewe kwenye paneli, ukurasa wa kuendeshea akaunti, bila kuomba ruhusa. Hilo la jengo jingine si dogo. Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu nakala zao zilikuwa pale pale.

Nikalipa kwa M-Pesa, 140,000 kwa mwaka, na bei ya kuhuisha ni hiyo hiyo, imeandikwa. Domeni tumeisajili kwa jina la dada, kwa msajili mwingine kabisa.

Kampuni yenyewe iko Dar lakini seva iko Ujerumani. Anayeuzia wateja wa Kariakoo ningemshauri atafute seva iliyo karibu. Sisi wateja wetu wako huko huko Ulaya. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazotuletea intaneti, zilipokatika, sisi wenyewe hatukuweza hata kuifungua tovuti yetu. Ulaya ilikuwa inafunguka kama kawaida, na mtandao ulipotengemaa tukakuta maombi manne ya vyumba yanatusubiri.

Kasoro zipo. Nafasi ya barua pepe ni finyu, inabidi tufute picha mara kwa mara. Wanaahidi kuwa hewani asilimia 99.9, yaani kuzima kusizidi kama dakika 43 kwa mwezi, na mwezi mmoja walivuka, usiku wa manane, karibu saa nzima. Ila waliniandikia wao kwanza, wakaeleza diski gani imeharibika.

Kila tarehe mosi dada anashusha nakala nzima kwenye flashi na kuiweka kwenye droo ya funguo za vyumba.