Kinjeketile ndani ya Ngome ya Lamu: walimwacha mtu majini

Nimetoa shilingi 500 kutazama mchezo wa kuigiza wa Kinjeketile na mwisho wake sikuuona. Nalisema hili mapema, asije mtu akadai nimekasirika kwa kuwa waigizaji walitoka bara. Waigizaji nitawafikia. Mwenye kesi na mimi ni mshereheshaji, yule bwana wa suti na maikrofoni, na waliomleta.

Mchezo wenyewe sina haja ya kuueleza. Tangu Ebrahim Hussein auandike mwaka 1969 umesomwa shuleni na watoto wetu na sisi kabla yao, na mtu ambaye hajausoma amesikia habari za Majimaji, vita vya watu walioaminishwa na Kinjeketile kwamba kwa maji yake risasi za Mjerumani zitageuka maji. Niliposikia unachezwa upya Lamu, tena uani mwa Ngome, nilifurahi kama mtoto wa sikukuu. Nikawaburuta na majirani, jambo ambalo bado wananidai.

Tuliambiwa baada ya Isha. Tukaingia, wanawake upande wa ngazi, wanaume upande wa pili, watoto wa sekondari wamejipanga juu roshani. Safu ya mbele ilikuwa imevishwa vitambaa vyeupe, chupa za maji zimepangwa mezani, na haina mtu. Mzee mmoja wa mkongojo alikaa pale akainuliwa. Akapelekwa nyuma karibu na mlango, ambako husikii kitu ila punda wa nje. Hilo peke yake lingenitosha kuandika, lakini lilikuja kubwa zaidi.

Mwanzo haukuwa mbaya. La, niseme haki, mwanzo ulikuwa mzuri. Wanawake wawili wanazungumza habari za njaa na kazi ya shamba la Mjerumani, na dada aliyecheza Bi Kitunda alikaa chini na ungo wake akawa anachambua nafaka ambayo haipo. Ungo mtupu! Vidole vinatafuta, vinaokota chuya, vinatupa, na mdomo unaendelea na maneno yake kama hajui vidole vinafanya nini. Jirani yangu akaninong'oneza, "Huyu amelelewa na bibi." Kiswahili chake kilikuwa cha bara, sawa, lakini kilitoka kifuani. Wenzake wengi walikuwa wanasoma kitabu kichwani, unaona kabisa mtu anafungua ukurasa. Na Mjerumani wamemfanya kichekesho, anayumba na kupiga chafya, kila akiingia watoto wanacheka. Sisi hapa Mjerumani si mgeni, alikaa Witu, akafungua na posta yake mjini hapa mwaka 1888. Ukimfanya kikaragosi, watu wa Ngarambe, kijiji cha Kinjeketile, wanamwogopa nani sasa?

Lakini yote hayo ningeyameza.

Tukafika pale Kinjeketile anapopandwa na pepo na kuingia mtoni. Mto ulikuwa kitambaa cha buluu, kipana, kimeshikwa na vijana wawili, mmoja huku na mmoja kule, wanakitikisa taratibu. Ngoma inapiga chini chini. Kinjeketile akaja kwa kutambaa, akajivuta, akajiingiza chini ya kitambaa, akapotea. Ngoma ikakatika. Wallahi uani palinyamaza hadi nikasikia jenereta ya ng'ambo ya kiwanja cha Mkunguni. Wale watoto wa roshani waliokuwa wakichokozana wote wameinama wanatazama kitambaa. Mke wa Kinjeketile amesimama ukingoni mkono mdomoni. Huyu mtu atatoka au amekwenda?

Basi hapo hapo: "Moja mbili. Moja mbili. Mabibi na mabwana tunaomba radhi kidogo, mgeni wetu rasmi amewasili, tusimameni tafadhali!"

Mshereheshaji akapita katikati ya jukwaa. Hakuzunguka, alipita katikati, na akasimama juu ya mto. Kwa viatu. Wale vijana wawili hawakujua wafanye nini: mmoja aliacha kutikisa, mwingine akaendelea, ikawa wimbi linatoka upande mmoja linakwenda kumpiga bwana mshereheshaji kwenye vifundo vya miguu, naye anatabasamu. "Tupige makofi ya kilo!" Mke wa Kinjeketile naye akashusha mkono akapiga makofi. Angefanya nini, maskini?

Yule mzee wa mkongojo ndiye aliyetusemea sote. Kutoka kule kule nyuma alikofukuziwa akapaza sauti, "Mtoeni mtu maini jamani! Takufa!" Kwa Kiamu chetu, maini ni majini, na takufa ni atakufa. Ngome nzima ikacheka. Mshereheshaji hakuelewa, akadhani anashangiliwa, akasema asanteni sana.

Mgeni rasmi mwenyewe sitamlaumu, au nimlaumu nusu. Alipoingia akaona watu wako katikati ya mchezo aliinama akataka kukaa kimya kimya. Ni huyu bwana aliyemvuta mkono, akamtia maikrofoni mkononi, kisha wakaitwa wa meza kuu mmoja mmoja, kila mtu na cheo chake na salamu zake. Bursari, injini za boti, vijana wajiepushe na dawa za kulevya. Mambo ya maana yote, hakuna anayekataa, lakini mtu yuko chini ya maji! Halafu picha. Picha zikachukua muda kuliko hotuba.

Kisha, kama hakuna kilichotokea, "tuendelee na burudani." Ngoma ikapigwa, Kinjeketile akatoka mtoni. Katika kisa hutoka mkavu, huo ndio muujiza wenyewe, wanamshika nguo wanaona hazina hata tone. Akashikwa, "Mkavu!" Na mtu upande wa wanaume akajibu, "Kwa hotuba ile hata papa angekauka." Muujiza umekwisha hapo. Mchezo mzima umesimama juu ya muujiza ule: hao watu wataingia vitani kwa kuwa waliona nguo kavu. Na sisi tuliotazama hatukuamini tena chochote, tulikuwa tunacheka.

Kuna jambo jingine liliponyoka pale pale, nalo ndilo linalonisumbua usiku. Kinjeketile, kwa ulimi wa aliyempanda, anatamka kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, yule sultani wa Omani na Zanzibar, na baadaye akili ikimrudia neno hilo linamtesa, kwa nini watolewe kwa bwana mmoja waingie kwa mwingine. Nilikuwa nalingojea tangu nyumbani. Maana tuko wapi? Tuko Ngomeni, na ngome hii ilimalizwa mwaka 1821 kwa mkono wa huyo huyo Seyyid Said, alipoitwa na watu wa Lamu wenyewe baada ya vita vya Shela. Hakuna jukwaa duniani lingelibeba neno lile kama uani ule. Nilitaka kuona nyuso za wazee. Lilipotamkwa, nusu ya watu walikuwa bado wanarudisha viti mahali pake, na mimi mwenyewe nilikuwa nimezibwa na mpiga picha.

Baada ya hapo walikimbiza. Kitunda, mume wa Bi Kitunda, na mazoezi ya vita anayowapa watu, mbio mbio. Vita, mbio mbio. Halafu taa zikawaka zote na yule bwana akarudi: kwa sababu ya muda, na kuna wenzetu wa kurudi Shela kwa boti, tunafikia tamati. Kipande cha gerezani hakikuchezwa. Kimeachwa chote.

Nikamfuata, akiwa anakunja waya. Nikamuuliza kwa adabu, bwana, na kipande cha mwisho? Hakunitazama, macho yako kwenye simu. "Mama yangu, hadithi si mnaijua? Alinyongwa. Basi."

Alinyongwa basi! Sikujibu kwa kuwa ningejibu vibaya. Kunyongwa ni historia, Mohoro, Agosti 1905, mwanafunzi yeyote atakutajia. Mwisho wa mchezo ni mtu aliyefungwa minyororo anayeambiwa sema tu kwamba maji yalikuwa uongo, na anajua fika kwamba risasi hazikugeuka maji, ameshawapoteza watu, na hata hivyo hasemi. Yote ya mbele yanapikwa kwa ajili ya kukataa kule. Ukikiondoa, umewatazamisha watu habari za mganga aliyewadanganya wenzake wakafa. Watoto wa roshani wamekwenda nyumbani na hiyo.

Na kuondolewa kwenyewe ni hapa Ngomeni! Jengo hili lilikuwa jela hadi mwaka 1984. Sisi watu wazima tunaikumbuka ikiwa jela, tulikuwa tukipita pale mlangoni tukiharakisha. Kuta za gereza la kweli zimewazunguka, hawakuhitaji hata mapambo, wangemkalisha tu mtu chini wazime taa. Wakaona ni afadhali picha za meza kuu.

Tukirudi kwa Usita wa Mui, njia kuu ya mji, mabishano yalikuwa moto. Shoga yangu anasema heri walikata, kwa uchezaji ule tungelala. Mpwa wangu anasema mchezo wenyewe ni mzito, wa zama zao, na kilichomfurahisha ni mzee wa "takufa". Mmoja akasema kwa mia tano mlitaka nini. Siwakatalii moja kwa moja. Kinjeketile alipiga kelele mno, kila sentensi anaisema kama anaita feri ya Mokowe. Huenda gerezani pia angepiga kelele akaniharibia. Huenda kukatwa kumeniokoa.

Ila nilimwona pale nje, huyo kijana. Ameketi barazani, na mikononi ana mnyororo, wa chuma hasa, na kufuli. Nikamwuliza kwa nini hawakumaliza. "Mama, usiniulize mimi. Nilishafungwa niko tayari, ufunguo uko kwa mtu wa mavazi, na mtu wa mavazi ameenda kula na wageni." Alisema kwa sauti ya chini, ya kuchoka, na nikawaza, mwanangu, sauti hiyo ungekuwa nayo jukwaani tangu mwanzo.

Kwa hiyo sijui nitoe alama gani. Nilitaka kuandika msiende kamwe. Pesa yangu nilidai, nikaambiwa hairudishwi kwa kuwa onyesho "lilifanyika". Wakilirudisha hapa bila maikrofoni nitalipa tena, na mzee nitamlipia, kiti cha mbele.

Nasikia wanaupeleka Malindi. Watu wa Malindi, kabla hamjatoa hela mwulizeni muuza tiketi mgeni rasmi anafika saa ngapi. Akiwajibu yuko njiani, rudini zenu mkalale. Au ingieni tu, mkamtazame Bi Kitunda na ungo wake, kisha mtoke kabla ya mto.