Wameniuzia Vuta n'Kuvute ya kopi, halafu wakaniambia nikisie mwisho

Kitabu nakipa nyota tano. Duka silipi nyota hata moja.

Siku hizi nimerudi kwenye riwaya za Kiswahili. Nilianza na Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, ile iliyowahi kupigwa marufuku shuleni. Pale Zakaria anapompiga Rosa kwa ajili ya barua ya Charles, ilibidi nikiweke chini kwanza. Waliokipiga marufuku waliogopa nini hasa? Mabinti wasijue, au akina baba wasijione?

Nikahamia Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi. Filamu ya Amil Shivji nilishaiona, sasa nikataka maneno yenyewe. Nikaenda duka moja linalojulikana sana hapa mjini, jina naliacha. Kitabu kimefungwa nailoni, jalada linang'aa, bei ile ile ya kitabu halisi. Kufika nyumbani, ndani ni fotokopi! Wino umefifia, pembeni herufi zimekatwa.

Nilivumilia kwa sababu ya Yasmin. Binti mdogo ameozwa kwa Bwana Raza, mtu wa umri wa kumzaa, naye anakataa kuzikwa hai katika ndoa ile. Mwajuma anavyompokea, jamani, nani hatamani shoga wa namna hiyo? Na Kiswahili cha Unguja kinavyotiririka mle! Basi niko katikati ya mambo ya Denge, kijana mpigania uhuru, na makachero wa Mwingereza, nafungua ukurasa, sentensi imekatika. Unaofuata nilishausoma juzi. Mbele zaidi, kurasa nyingine hazipo kabisa.

Nikakirudisha. Muuzaji hakuinua macho kwenye simu yake.

"Nailoni ikishafunguliwa hatupokei."

"Kaka yangu, hebu tazama, kurasa hazipo."

"Dada, si umeshasoma nusu? Hadithi ni hadithi tu, mwisho utaukisia."

Niukisie! Mtu amekaa akaitunga kazi ile neno kwa neno, wao wanaidurufu uchochoroni, mwandishi hapati hata senti, halafu mimi niliyelipa ndiye nionekane msumbufu. Nilitetemeka kwa hasira mpaka nimefika kituoni.

Nilikusudia kuwaambia msikanyage pale. Lakini haki isemwe: ni hapo hapo nilipopata Nyota ya Rehema ya Mohamed S. Mohamed, nakala halisi, safi kabisa. Maduka mengine ukitaja riwaya unaulizwa, "Ya kidato cha ngapi?" Kwa hiyo nendeni, ila fungueni nailoni mbele yao kabla hamjatoa pesa. Hapana, nafuta. Msiende. Anayeuza riwaya na kuidharau kiasi kile hastahili pesa ya msomaji.

Baada ya Nyota ya Rehema nataka Kuli, ya Adam Shafi huyu huyu, maana mgomo wa makuli wa Unguja wa 1948 shuleni hatukuusikia. Halafu Nagona na Mzingile, za Kezilahabi. Watu wananitisha kwamba ni ngumu, nami ndiyo kwanza nazitamani. Na Peponi, ile Paradise ya Gurnah aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis. Hiyo nitainunua kwa wachapishaji wenyewe, Mkuki na Nyota, hata nikisubiri.

Mwenye nakala halisi ya Vuta n'Kuvute anayeuza, yenye kurasa zote, aniambie bei. Nalipa leo.