Kelele ndani ya gari: teipu ya kitambaa au spreyi ya silikoni?

Haya wakuu, leo hapa mezani nina vitu viwili, teipu ya kitambaa na spreyi ya silikoni, na vyote nimevitumia kwenye gari yangu mwenyewe, maana ilifikia hatua nikikaribia rafu rodi naongeza redio ili nisiisikie inavyolia.

Ila usinunue chochote kabla hujajua kelele inatoka wapi. Mimi wiki mbili nzima nalaumu dashibodi, nikaifungua mpaka skrubu moja ikapotea na sijaiona hadi leo, kumbe ni kile kichuma cha mkanda wa siti ya abiria kinaning'inia na kugonga plastiki ya nguzo ya mlango! Kwa hiyo toa sarafu, miwani, chaja, cheki jeki imebana vizuri, halafu mtu mwingine aendeshe na wewe upite na kiganja unabonyeza plastiki moja moja. Ukibonyeza ikanyamaza, ndo yenyewe hiyo. Na ujaribu hali ya hewa ikiwa ileile, sababu plastiki inatanuka na kusinyaa kuliko chuma, gari inaweza ikalia asubuhi ya baridi mchana ikawa kimyaa.

Sasa teipu. Hii ni Tesa 51608, kazi yake hasa ni kufungia waya za gari zisigongegonge, ina kama manyoya manyoya hivi na unaikata kwa mkono tu. Plastiki mbili zikisuguana zinashikana, zinaachiana, zinashikana tena, harakaharaka, mlio unatokea hapo, ukiweka kitambaa katikati mchezo unaisha. Angalieni hii klipu, yaani kibanio cha paneli ya mlango, nimeizungushia raundi moja, moja tu, nilipoweka mbili paneli ikagoma kuingia nikailazimisha klipu ikakatika kama biskuti. Halafu futa vumbi na mafuta kwanza, la sivyo inabanduka.

Teipu usiibandike juu ya mfuniko wa eabegi, na plastiki yoyote imeandikwa AIRBAG kama sio fundi usiing'oe, hilo sibishani na mtu.

Spreyi ni ya raba. Raba za mlango zikikauka zinalia kwii kwii, hasa bodi ikijipinda kwenye barabara mbovu. Puliza kwenye kitambaa halafu pakaza, usipulize hovyo ndani, ikifika kwenye kioo cha mbele utaniambia usiku mvua ikinyesha na waipa zinapaka ukungu, ikifika kwenye pedeli mguu unateleza. Na WD-40 ya kawaida, najua mnayo wote, hiyo WD yenyewe ni "water displacement", yaani kufukuza maji, halafu raba za mlango mara nyingi ni aina inayoitwa EPDM ambayo haipatani na mafuta ya jamii ya petroli kama yaliyomo humo, inavimba. Weka pembeni.

Teipu naipa 9 kwa 10, roli moja utatumia mpaka uisahau. Spreyi 6, sio mbaya, ila raba ikikauka tena unarudia kazi ileile.

Gari yangu sasa imebaki na mlio mmoja, spika ya nyuma, mpaka besi ipige ndo inatetemesha kitu huko ndani, nishafungua mara mbili sijakiona. Nikikipata nakuja nacho hapa mezani.